Herufi Mbili Mbili: Historia ya Jozi Tunazoziandika Kila Siku

Kwenye ramani za Kijerumani za miaka ya 1900, Moshi iliandikwa Moschi, Arusha ikawa Aruscha, na mlima mrefu kuliko yote barani Afrika ukaitwa Kilimandscharo. Mwanza ilikuwa Muansa. Kilosa iliandikwa kwa s mbili, Kilossa, na Songea ikabebeshwa jozi hiyohiyo mwanzoni kabisa mwa jina: Ssongea.

Aliyezoea tahajia ya leo anaweza kudhani karani alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa. Katika Kijerumani s moja ikitangulia irabu husomwa z, kwa hiyo Kilosa yenye s moja ingetamkwa Kiloza na kila afisa aliyeshuka melini akitokea Hamburg. S mbili ziliwekwa ili kuzuia kosa hilo. Kwa kanuni hiyohiyo Zanzibar iligeuka Sansibar, kwa kuwa Mjerumani akiiona z huisoma ts.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondoka na s zao. Jozi zilizobaki ndizo tunazofundishwa darasani: ch, dh, gh, ny, sh, th, pamoja na ng' yenye ritifaa yake. Watoto wa darasa la kwanza huziimba kana kwamba zilizaliwa pamoja na lugha. Ukweli ni kwamba kila moja ilitengenezwa mahali fulani kwa sababu fulani, na baadhi yake zilianza kuandikwa kabla Kiswahili hakijawa lugha.

Mwanzo wake ni Roma. Katika karne ya 2 KK Warumi walikuwa wakikopa maneno ya Kigiriki kwa wingi, ya falsafa, ya tiba na hata ya jikoni. Kigiriki kilikuwa na herufi tatu ambazo Kilatini hakikuwa nazo: theta, fi na khi. Zama zile zilitamkwa t, p na k zilizosukumwa kwa pumzi nyingi. Badala ya kuongeza herufi mpya kwenye alfabeti yao, Warumi waliichukua h, herufi ya pumzi, wakaiweka nyuma ya t, p na c. Hapo ndipo zilipopatikana th, ph na ch. H hiyo haikuwa sauti ya kujitegemea tena. Ilikuwa onyo kwa msomaji kwamba herufi iliyotangulia isisomwe kwa mazoea, na kazi hiyo inaifanya mpaka leo tunapoandika chakula.

Waingereza wa kale walifika huko kwa njia ndefu. Wao walikuwa na herufi mbili za sauti ambazo sisi leo tunaziandika th na dh, yaani þ na ð. Mtoto waliandika cild, meli waliandika scip. Mwaka 1066 Wanormandi wakaiteka nchi, na makarani walioshika kalamu baada ya hapo walikuwa wamelelewa katika Kilatini na Kifaransa. Taratibu cild ikawa child, scip ikawa ship, na þ ikaanza kusukumwa pembeni na th ya Warumi. Pigo la mwisho lilitoka kwenye mitambo. William Caxton alipofungua kiwanda cha kwanza cha uchapaji Uingereza, pale Westminster mwaka 1476, herufi za chuma alizozitumia zilitoka ng'ambo, ambako þ haikujulikana. Herufi isiyokuwemo kwenye sanduku la mchapaji haiwezi kudai haki yake.

Gh ina kisa cha kuchekesha zaidi. Katika Kiingereza cha zamani iliwakilisha sauti ya kooni, ile iliyokuwamo katika neno lao la usiku. Sauti ikafa, herufi zikabaki, na mpaka leo Waingereza huandika night bila mtu kuisikia gh. Ilibidi jozi hiyo ifike Unguja ndipo ipate tena sauti ya kooni, katika ghali, ghafla na lugha.

Wakati hayo yanatokea Ulaya, watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana ni barua za Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18, zilizohifadhiwa katika nyaraka za Wareno kule Goa. Wareno wenyewe walipoiandika Kilwa kwa herufi zao waliandika Quiloa, wakitumia qu kwa sauti ya k, kama walivyofanya kwa Quelimane ya Msumbiji.

Herufi za Kiarabu ziliwatumikia washairi na wafanyabiashara wa pwani kwa karne kadhaa, ingawa zilimwachia msomaji kazi kubwa. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch, na alama zake za irabu ni tatu ilhali Kiswahili kina tano. Zaidi ya hayo, waandishi wengi hawakuiandika m wala n inapotangulia konsonanti nyingine. Herufi be ilisimama mahali pa b, p na mb. Be mbili mfululizo ziliweza kuwa baba, papa, bamba au pamba, na aliyejua ni yule anayekijua Kiswahili na kuielewa habari inayosimuliwa. Kwa msomaji wa pwani hilo halikuwa tatizo kubwa. Mgeni aliyetaka kujifunza lugha kwa kitabu ndiye aliyekwama.

Mgeni huyo alifika mwaka 1844. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kianglikana cha Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka huo, na mwezi Julai akawazika hapo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Hata hivyo kazi ya lugha haikusimama. Mwaka huohuo alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo, na mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapwa Tübingen. Krapf aliamua kwa makusudi kutumia herufi za Kirumi. Alihofia kwamba mwandiko wa Kiarabu ungeufungulia Uislamu mlango katika jamii za bara alizotaka kuzihubiria. Uamuzi huo ulikuwa wa kidini kabla haujawa wa kiisimu, na athari zake bado tunaishi nazo.

Lakini mwandiko tulionao si wa Krapf. Ni wa mwanasheria wa Kiingereza.

Edward Steere alikuwa amesomea sheria na kupata shahada ya udaktari wa fani hiyo kabla ya kuwa padri. Alitua Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha mafunzo ya Kiswahili cha Unguja, na mwaka huohuo mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Kanuni aliyoifuata ilikuwa nyepesi: konsonanti zisomwe kama za Kiingereza, irabu kama za Kiitaliano. Kwa kanuni hiyo ch, sh na th ziliingia Kiswahili zikiwa zimekwisha kupita Roma, Normandi na Westminster. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa kuchapia, na vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi. Hapo jozi zilikuwa na faida ambayo wanaisimu huisahau: hazikuhitaji chuma kipya. Sanduku la herufi lililotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza lilitosha kwa Kiswahili, mradi mpangaji awe na h za kutosha.

Tahajia ya miaka hiyo ilikuwa bado inayumba. Hata iliandikwa hatta, kwa t mbili, ili kufuata mkazo wa Kiarabu. Habari iliandikwa khabari. Fedha iliandikwa fetha, kwa sababu Kiingereza hutumia th kwa sauti zote mbili na Mwingereza haoni shida. Mswahili aliiona, kwani thamani na dhamana si neno moja. Hivyo dh ikaja kuchukua nafasi yake, na ikabeba mzigo mzito: ndani yake mmeingia herufi tatu za Kiarabu ambazo Mwarabu huzitofautisha. Dhahabu ina dhali, adhuhuri ina dha, dhamana ina dhadi. Kiswahili kilizisikia zote kuwa sauti moja na kuziandika kwa jozi moja. Waalbania walifikia suluhisho lilelile bila kutujua: alfabeti waliyokubaliana mjini Monastir mwaka 1908 ina dh, th na sh, na dh yao husomwa kama yetu.

Jambo hili lingeweza kubaki ugomvi wa mapadri kama serikali za kikoloni hazikuhitaji vitabu vya shule. Oktoba 1925 Gavana Donald Cameron aliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa lugha moja ya kufundishia. Mkutano wa Mombasa wa Juni 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikiziwakilisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na mjumbe Mwafrika. Watu wasiokuwa Waswahili ndio waliokaa mezani kuamua Mswahili aandike vipi.

Miaka hiyohiyo taasisi ya lugha na tamaduni za Afrika iliyoanzishwa London mwaka 1926, chini ya Diedrich Westermann, ilikuwa ikipigia debe mwandiko wa sauti moja kwa herufi moja. Badala ya ng' ilipendekeza ŋ, badala ya sh herufi ndefu iliyopinda. Kiewe cha Ghana na Togo kilikubali ŋ na nyingine kadhaa. Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu kutoka Hamburg, alihudhuria mkutano wa Mombasa, lakini Kiswahili kilibaki na jozi zake. Vitabu vilikuwa vimekwisha chapwa, walimu walikuwa wamekwisha fundishwa, na taipu za ofisini zote zilikuwa za Kiingereza. Nadhani ilikuwa bahati. Kizazi kinachoandika ujumbe kwa kidole gumba kingeteseka sana na ŋ.

Waliotupwa nje na usanifishaji huo walikuwa na malalamiko ya haki. Watu wa Mombasa hutofautisha t ya menoni na t ya ufizi, na p yenye pumzi na isiyo na pumzi, na tofauti hizo hubadili maana. William Taylor, aliyefanya kazi Mombasa na kujifunza kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alizitafutia alama. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Unguja na Bagamoyo, alitoa mwaka 1939 kamusi iliyojaa alama juu na chini ya herufi. Mwaka huohuo ikatoka kamusi ya Johnson isiyokuwa nazo. Mashule yalichukua ya Johnson. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa yeye aliendelea kuzitengeneza herufi za Kiarabu zikidhi sauti za Kiswahili, na hapakuwa na serikali nyuma yake.

Jozi ya kh nayo ilipoteza vita, lakini haikufa. Kamati iliiondoa kwenye khabari na kheri, ikashindwa kuiondoa kwenye majina ya watu. Ndiyo maana Unguja na Pemba utakutana na Khamis, Khatib na Khadija, na ukivuka bahari kuelekea bara unakutana na Hamisi na Hadija. Mara nyingi jozi hiyo peke yake hukueleza familia ya mtu ilipotokea kabla hujamuuliza.

Na bado zimebaki sehemu ambazo jozi humdanganya msomaji. Andika mbuni. Je, ni ndege mkubwa asiyeruka au ni mtu anayebuni jambo? Kwa ndege, mb ni sauti moja inayotoka mara moja. Kwa mtu, m ni silabi kamili na b inaanza silabi nyingine. Karatasi haionyeshi tofauti hiyo. Utaijua ukifika kwenye wingi, pale wabuni wanapojitenga na ndege. Kwenye ng ritifaa ilikuja kuokoa jahazi: ngoa ni tamaa au wivu, ng'oa ni amri ya kutoa kitu na mizizi yake. Lakini kialama hicho kidogo hukataliwa na fomu nyingi za kompyuta, na akina Ng'ang'a na Nyong'o wamezoea kuyaona majina yao yakikatwa katikati kwenye tiketi.

Majirani nao walichukua jozi zilezile wakazipa kazi nyingine. Kwa Wakikuyu th husomwa kama dh yetu, kwa hiyo jina la Kimathi kinywani mwa mwenyewe halifanani na namna Mpemba angelisoma. Kongo ya Wabelgiji ilifuata Kifaransa, ambacho ch yake husomwa sh. Ili wapate sauti ya ch ya chai, waliongeza t mbele ya sh, na hapo tukapata majina kama Tshombe na Tshisekedi. Msomaji wa gazeti la Dar es Salaam akiziona Tsh hufikiri kwanza shilingi.

Waganda waliingia undani zaidi kuliko sote. Tahajia waliyokubaliana mwaka 1947 inaruhusu kurudia herufi, irabu kwa konsonanti, kwa sababu urefu wa sauti katika Luganda hubeba maana. Okuta ni kuachilia. Okutta ni kuua. Mwandishi wa habari za mahakama mjini Kampala hana ruhusa ya kubana t hapo. Kiswahili hakirudii konsonanti namna hiyo, lakini kwenye irabu kuna mtego wa kutisha vilevile: rafiki aliyekusaidia wakati wa shida amekufaa, na ukisahau a moja tu umemtangazia msiba.

Kurudia herufi kuna historia yake peke yake, nayo pia inaanzia Roma. Makarani wa Kilatini walipofupisha neno na kutaka kuonyesha wingi waliiandika herufi mara mbili. Kuanzia mwaka 198 BK, Septimius Severus alipomfanya mwanawe Caracalla kuwa mfalme mwenza, sarafu ziliandikwa AVGG, yaani wafalme wawili. Alipoongezwa mwana wa pili, Geta, mwaka 209, G zikawa tatu. Mtindo huo haujafa. Wahispania huiandika Marekani EE. UU. kwa kuwa ni nchi za muungano, si nchi moja. Na shahada ya Steere iliandikwa LL.D., L mbili zikiwa na maana ya sheria kwa wingi. Wanamuziki wa Kiitaliano walizichukua herufi zilizorudiwa wakazifanya kipimo cha sauti: p ni sauti ya chini, pp ni ya chini zaidi, na Tchaikovsky katika simfonia yake ya sita, ya mwaka 1893, alifika hadi p sita mfululizo. Ukipiga kwa sauti ya chini zaidi ya hapo umenyamaza.

Vifupisho vya herufi mbili ni kama mikoba ya kukodi, kila mwenye safari hutia chake. Katika vitabu vya historia vya Kiswahili KK ni kabla ya Kristo. Lusaka ya miaka ya 1970 KK alikuwa Kenneth Kaunda, na hakuna aliyechanganya. OK, inayotamkwa leo karibu dunia nzima, ilianza kama utani wa magazeti: tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post liliichapa kama kifupi cha maneno mawili yaliyokosewa tahajia kwa makusudi. Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook aliyeitwa kwa utani Old Kinderhook, waliitumia kwenye kampeni. Van Buren alishindwa uchaguzi, utani ukabaki.

SS nayo imepita mikono mingi. Melini ilikuwa meli ya mvuke. Meli Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma, ilikuwa ya mvuke mpaka ilipowekewa injini za dizeli miaka ya 1970. Ndiyo maana leo jina lake hutanguliwa na MV. Huko ilikotoka, SS lilikuwa jina la kikosi cha Hitler kilichosimamia kambi za mauaji, na mpaka sasa Ujerumani hairuhusu jozi hiyo kwenye namba za magari. Kwetu jozi za kwenye magari hazina damu, ingawa dereva yeyote wa Tanzania akiona PT ya polisi nyuma yake hupunguza mwendo, na SU humwambia kwamba hilo ni gari la shirika la umma. Kenya GK hufanya kazi kama hiyo kwa magari ya serikali.

Tangu mwaka 1974 kila nchi ina jozi yake ya kimataifa, iliyopangwa na shirika la viwango la ISO. Kenya ni KE, Tanzania ni TZ. CH, ambayo kwetu ni sauti ya mwanzo ya chui, ni Uswisi, kutokana na jina lake la Kilatini, Confoederatio Helvetica. Afrika Kusini ni ZA, kwa Kiholanzi, kwa kuwa SA ni Saudi Arabia. Zaire ilikuwa ZR, na ilipobadili jina mwaka 1997 ikabadilishiwa jozi ikawa CD. Intaneti ilipokuja jozi hizi zikawa anwani: .ke ilisajiliwa mwaka 1993, .tz mwaka 1995. Wenye bahati walitajirika. Tuvalu, visiwa vidogo vya Pasifiki, inauza .tv kwa makampuni ya televisheni, na Anguilla ya Karibi, ambayo jozi yake ni .ai, ilikusanya zaidi ya dola milioni 30 za Marekani mwaka 2023 kutoka kwa makampuni ya akili unde. Watu wa Anguilla hawakuvumbua kitu. Walipewa herufi mbili miaka mingi nyuma, wakakaa nazo.

Zote hizo ni jozi zilizopangwa na watu, na watu wakikaa tena wanaweza kuzipangua. Iko jozi moja ambayo haipangwi na kamati.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza chembe nyekundu za damu zilizopinda kama mundu, alizoziona kwa mwanafunzi kutoka Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko kwenye hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Ile ya kawaida ikaitwa A, iliyobadilika ikaitwa S. Kila mtu hupokea herufi moja kwa mama na moja kwa baba, kwa hiyo kila mtu ni jozi: AA, AS au SS. Mwenye SS ana ugonjwa wa selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita, wenye maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu na homa za mara kwa mara tangu utotoni.

Swali lililobaki lilijibiwa Afrika Mashariki. Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alipima damu za Wakenya mwaka 1949 akagundua kwamba S ilikuwa imeenea sana pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwa baadhi ya jamii zaidi ya asilimia 20, huku nyanda za juu ikiwa haifiki asilimia 1. Ramani ya S ilifuata ramani ya mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake, sehemu yake ukiwa umekusanywa Uganda: mwenye AS hukingwa na malaria kali. Herufi ambayo ikiwa mbili huua, ikiwa moja huokoa, na ndiyo sababu malaria haikuiacha ipotee kwenye damu zetu kwa maelfu ya miaka. Profesa Julie Makani wa Muhimbili, Dar es Salaam, ambaye ameutafiti ugonjwa huu kwa miaka mingi, alitunukiwa tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011.

Wazazi wawili wenye AS, wazima kabisa, wana uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mwenye SS katika kila mimba. Mwenye AS akioana na mwenye AA, mtoto wa SS hazaliwi. Ambao wanapanga kuoana na hawajapima, waende hospitali waulize jozi zao kabla ya kupanga tarehe ya harusi.